Breki ngumu kama jiwe: kusaka ombwe linapovujia kabla hujanunua busta

Unakanyaga breki na mguu unakutana na kitu kigumu, kama umekanyaga ukuta. Gari linasimama, lakini kwa nguvu zote za paja. Mara nyingi injini nayo inatetemeka ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), au mlio wake unabadilika kila unapogusa pedali. Fundi mwenye haraka atakwambia busta imekufa. Huenda ni kweli, ila busta ndiyo kifaa ghali kuliko vyote katika mstari huo, na mpira wa kupitishia hewa, valvu na raba inayoishika huchoka kabla yake. Kwa hiyo busta hupimwa mwisho. Kazi yote hii ni kufuata njia ya ombwe, yaani ile hali ya hewa kunyonywa ambayo gereji huiita vakyumu, kutoka linakozalishwa hadi linakotumika, na kuikata njia hiyo vipande hadi kipande kibovu kibaki peke yake.

Busta inavyousaidia mguu

Busta ni lile kopo la bati la mviringo lililokaa kati ya masta ya breki (pampu inayosukuma mafuta ya breki) na ukuta unaotenganisha injini na dereva. Ndani limegawanywa vyumba viwili na kiwambo cha mpira. Mguu ukiwa mbali na pedali, vyumba vyote viwili vimenyonywa hewa. Ukikanyaga, valvu ya ndani inafunga njia kati ya vyumba, kisha inaruhusu hewa ya nje iingie kwenye chumba cha upande wa dereva. Hewa hiyo inasukuma kiwambo, na kiwambo kinasukuma fimbo ya masta.

Nguvu yake si ndogo. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 25 kina eneo la takriban sentimita za mraba 490. Tofauti ya kilopaskali 65 kati ya vyumba hivyo inatoa msukumo unaozidi kilo 300. Ombwe likipungua hadi kilopaskali 30, unabakiwa na kilo 150 hivi, na zinazopungua inabidi uzitoe mguuni. Ndiyo maana gari lenye uvujaji mdogo huwa na breki nzuri asubuhi na breki ngumu kwenye foleni: unakanyaga mara nyingi kuliko injini inavyoweza kunyonya tena.

Kuna jambo moja hapa la kuelewa vizuri, kwa sababu linafupisha kazi baadaye. Kwa kuwa vyumba vyote viwili vina ombwe pedali ikiwa imetulia, kiwambo kilichochanika hakivujishi chochote wakati huo. Hewa haina pa kuingilia. Kinavujisha pale tu unapokanyaga, hewa ya nje inapoingia chumba cha nyuma na kupita kwenye tundu kwenda injini. Mpira uliopasuka, raba iliyokauka au valvu ya ndani ya busta isiyofunga vizuri huvujisha saa zote. Kwa hiyo, kabla ya kugusa spana, jiulize: injini inasumbuka muda wote, au inasumbuka ninapokanyaga tu?

Kati ya busta na injini kuna valvu ya njia moja. Inaruhusu hewa itoke kwenye busta kwenda injini, hairuhusu irudi. Kazi yake ni kuhifadhi ombwe ili injini ikizimika ghafla ubaki na mikanyago miwili au mitatu yenye msaada. Yakikukuta barabarani, usipampu pedali, kwa sababu kila ukiachia na kukanyaga tena unatumia akiba hiyo. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, shusha gia, ongeza handibreki taratibu, wala usizime injini kama bado inaunguruma. Breki bado zipo. Kilichopotea ni msaada.

Pedali isiyo na tatizo la ombwe

Pedali laini inayobonyea kama sponji ina hewa kwenye mafuta ya breki. Pedali inayozama polepole hadi chini ukiishikilia ina masta inayopitisha ndani, au kuna mahali mafuta yanavuja nje. Hizo zote ni kazi nyingine. Hata pedali ngumu si lazima iwe ya ombwe: kalipa (vibanio vya pedi gurudumuni) zilizokwama, pini za kalipa zilizokauka grisi, au pedi zilizoungua na kung'aa kama kioo hufanya gari ligome kusimama hata kama busta inafanya kazi kikamilifu. Vipimo vitatu vifuatavyo vinatenganisha mambo hayo kwa dakika kumi, bila kifaa chochote.

Vipimo vitatu vya mguu

Egesha gari mahali tambarare penye hewa, weka kabari kwenye magurudumu, gia iwe P au huru, na handibreki ivutwe.

Kipimo cha kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita hadi iwe ngumu. Sasa ikanyage kwa nguvu ya wastani, usiachie, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako, sentimita moja au zaidi, ndani ya sekunde chache. Ikishuka, ombwe linafika na busta inaitikia. Isiposhuka kabisa, ama ombwe halifiki, ama busta yenyewe ni mbovu.

Kipimo cha pili: acha injini iunguruke dakika moja au mbili bila kugusa breki, kisha izime. Kanyaga taratibu mara tatu, ukiachilia pedali irudi kila mara. Mkanyago wa kwanza uende chini zaidi, wa pili uishie juu kidogo, wa tatu juu zaidi. Yote mitatu ikiishia mahali pamoja na ikiwa migumu, akiba imepotea mara tu injini ilipozimika. Ukitaka kipimo kikali zaidi, acha gari limezimwa saa nzima ndipo ukanyage. Busta nzima, yenye valvu nzima, bado itakuwa na akiba.

Kipimo cha tatu: injini ikiunguruma, kanyaga na ushikilie, kisha zima injini huku mguu ukiwa palepale. Shikilia sekunde 30. Pedali ikikusukuma juu, ombwe linapotea huku busta ikiwa kazini.

Soma majibu yote kwa pamoja. Cha kwanza kikifaulu na cha pili kikishindwa, anza na valvu ya njia moja na raba yake. Cha pili kikifaulu na cha tatu kikishindwa, shuku kiwambo au lakiri (raba za kuzibia) za ndani ya busta, maana uvujaji unaonekana pale tu inapokanyagwa. Cha kwanza kikishindwa, rudi nyuma kwenye chanzo: mpira, tundu la menifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini), au pampu ya ombwe kama gari ni la dizeli. Vyote vitatu vikifaulu na breki bado ni ngumu, acha habari za ombwe, fungua magurudumu.

Sikio kwanza, halafu koleo

Washa injini, zima feni ya ndani na redio, uinamishe kichwa karibu na pedali. Sauti fupi ya "shhh" unapokanyaga ni ya kawaida. Ni hewa inayopita kwenye sponji ya chujio kuzunguka fimbo ya pedali. Sauti isiyokoma wakati hujagusa pedali, au inayoendelea ukiwa umeishikilia bila kuisogeza, si ya kawaida. Ikitokea hapo miguuni, valvu ya ndani ya busta au kiwambo ndicho mshtakiwa.

Upande wa injini, chukua kipande cha mpira chenye urefu wa sentimita 60 hivi, ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe taratibu kando ya mpira wa busta, kwenye klipu, kwenye valvu na kuzunguka raba yake. Mpira huo unachuja kelele za injini na kukuonyesha tundu kwa umbali wa kidole. Angalia usiuingize kwenye feni au mkanda. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote.

Kisha bana. Funga kitambaa kuzunguka mpira wa busta karibu na menifoldi, ubane kwa koleo la kubania mipira hadi njia ifungwe. Mlio wa injini ukitulia, au mizunguko ikishuka na kukaa sawa, uvujaji uko mbele ya ulipobana: mpira, valvu, raba au busta. Usipobadilika kitu na injini inasumbuka hata pedali ikiwa huru, uvujaji uko upande wa injini. Ukishapata jibu la kwanza, chomoa valvu kutoka kwenye busta, funga ncha yake kwa kidole na uachie koleo. Injini ikitulia, mpira na valvu ni vizima; hewa inapita kwenye busta au kwenye raba uliyochomoa valvu ndani yake. Ikiendelea kutetemeka, hewa inaingia kati ya menifoldi na kidole chako.

Magari mengi mapya yana bomba gumu la plastiki badala ya mpira. Hilo halibanwi, ukilibana litapasuka. Lichomoe menifoldi na uzibe tundu kwa kofia ya mpira. Mpira wa zamani uliokakamaa nao usiubane, uchomoe tu.

Uvujaji wa mpira ni mjanja. Mara nyingi ufa hautokei katikati, sehemu unayoiona ukifungua boneti. Unatokea pale mpira unapotoka chini ya klipu, au upande wa chini unaogusana na kishikio cha chuma. Ukiuangalia umenyooka, ufa umefumba na mpira unaonekana mzima. Ukunje kwa vidole kuelekea kila upande, na utauona ukifunguka kama mdomo, na ndani yake nyuzi za kitambaa. Ndiyo maana kuna magari ambayo breki hugoma pale tu gia inapowekwa D: injini inainama kwenye mauntini (raba zinazoibeba) zilizochoka, inauvuta mpira, ufa unafunguka. Kwa gari la namna hiyo, kulipima likiwa P hakutakuonyesha kitu. Unauchunguza injini ikiwa imezimwa, huku ukiuvuta mpira kwa mkono kama injini ingeuvuta.

Geji inasema nini

Geji ya ombwe yenye kiungo cha T ni kifaa rahisi na kinamaliza ubishi. Kifunge kati ya mpira na busta, washa injini, iache ipate moto. Injini ya petroli isiyo na turbo, ikiwa sailensa na iko karibu na usawa wa bahari, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, yaani kilopaskali 58 hadi 71, na mshale hutulia. Toa kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hiyo inchi 14 mahali palipo mita 1,500 juu ya bahari si ugonjwa. Watu wengi wamebadilisha vipuri vizima kwa kusahau hili.

Mshale uliotulia lakini uko chini, tuseme 8 hadi 12 karibu na bahari, unaashiria uvujaji mkubwa au taimingi (wakati wa cheche kuwaka) iliyochelewa. Ukipanda kawaida ikiwa sailensa, kisha ukishuka pole pole unapoishikilia injini kwenye mizunguko 2,500, angalia bomba la moshi. Katalisti (kisafisha moshi) iliyoziba inanyima injini pumzi na kuua ombwe bila tundu lolote. Mshale unaoruka kwa mpigo ule ule una habari ya valvu za injini, si ya busta.

Sasa hamisha geji moja kwa moja kwenye tundu la menifoldi na ulinganishe. Menifoldi ikisoma 19 na upande wa busta 11, kitu katikati kimeziba au kinavuja. Kuna mipira inayooza kwa ndani: nje inaonekana mpya, ndani tabaka limebanduka na linanyonywa likafunga njia kama ulimi. Mpira huo hauvuji hata kidogo, na hakuna sauti utakayoisikia, ila busta inachukua muda mrefu kujazwa. Tundu la menifoldi nalo huziba kwa masizi, hasa kwenye injini zinazovuta moshi wa oili. Kwangua kwa waya injini ikiwa imezimwa, na usiruhusu masizi yadondoke ndani.

Ukiwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Uvujaji wa ombwe una alama yake: asilimia ya nyongeza ni kubwa sailensa, zaidi ya 10, kisha inapungua ukishikilia mizunguko 2,500, kwa sababu hewa ya wizi ile ile inakuwa ndogo ukilinganisha na hewa nyingi inayopita throtili (kilango cha hewa ya injini). Nyongeza ikiwa kubwa kote kote, shuku pampu ya mafuta au sensa ya hewa. Kodi za hitilafu P0171 na P0174 (mafuta machache kuliko hewa) huambatana na hali hii kwenye magari yenye sensa inayopima kiasi cha hewa. Yale yanayopima presha ya menifoldi hayatoi kodi hiyo kirahisi. Yenyewe hupandisha sailensa tu, kwa kuwa kompyuta inaona hewa imeongezeka na kuongeza mafuta. Bana mpira wa busta huku ukitazama namba: zikishuka ndani ya sekunde chache, umepata upande wenye tundu.

Valvu na raba yake

Zima injini, subiri dakika tano bila kugusa breki, kisha chomoa valvu kwa kuizungusha huku ukivuta. Ukisikia pumzi kubwa ya hewa ikiingia, akiba ilikuwepo. Kimya maana yake akiba ilishaondoka.

Puliza valvu kwa mdomo kutoka upande wa busta: hewa ipite kuelekea injini. Geuza, puliza kutoka upande wa injini: isipite hata chembe. Valvu inayopitisha kote kote haileti tatizo la sailensa, kwa sababu haina tundu la nje, na hilo huwachanganya mafundi. Inachofanya ni kurudisha hewa kwenye busta kila ombwe la menifoldi linaposhuka, kwa mfano unapopanda mlima ukikanyaga mafuta kisha ukahitaji breki ghafla. Kwa injini ya turbo ni mbaya zaidi, maana presha ya turbo inaweza kusukumwa ndani ya busta. Ukiwa na pampu ya ombwe ya mkono, nyonya hadi milimita 500 za zebaki, ambazo ni kama inchi 20. Kipimo kinachotumika katika baadhi ya vitabu vya ufundi ni kwamba valvu isipoteze zaidi ya milimita 10 kwa sekunde 15.

Raba inayoshika valvu kwenye busta iangalie kwa tochi na kuikunja kwa kidole. Ikiwa ngumu kama plastiki au ina nyufa za mviringo upande wa ndani, ibadilishe, hata kama leo haivuji. Paka maji ya sabuni unapoirudisha. Usipake oili ya injini wala grisi ya kawaida. Mpira wa upande wa breki huvimba na kuoza ukikutana na mafuta ya madini. Wala usizibe kwa gundi ya silikoni, kwani kipande kikibanduka kitanyonywa hadi kwenye valvu.

Katika baadhi ya magari valvu imejengwa ndani ya mpira wenyewe, na unaona tu mshale uliochapwa juu yake. Hapo unanunua mpira mzima, na mshale unaelekea injini. Ukifungwa kinyume, pedali itakuwa ngumu tangu siku ya kwanza, na lawama itaangukia busta mpya.

Kuipima busta yenyewe

Fika hapa tu kama mpira, valvu na raba vimeonekana vizima. Injini ikiwa imezimwa, unganisha pampu ya mkono moja kwa moja kwenye busta na unyonye hadi milimita 500. Inahitaji mikono mingi, kopo ni kubwa. Subiri sekunde 15: isishuke zaidi ya milimita 25 hivi. Halafu mwenzako akanyage pedali na kuishikilia, mshale utashuka mara moja, nyonya tena hadi 500 na usome upya. Ikishika pedali ikiwa huru lakini ikakimbia inapokanyagwa, kiwambo au lakiri zimekwisha. Ikikimbia hata pedali ikiwa huru, bado kuna mshtakiwa mmoja wa bei nafuu: oringi (pete ya mpira) kati ya masta na busta. Inashikilia ombwe la chumba cha mbele, na mara nyingi husahaulika masta mpya inapofungwa.

Legeza nati mbili za masta na uivute mbele kidogo, bila kufungua mabomba. Kwanza maliza ombwe lote kwa kupampu pedali injini ikiwa imezimwa. Na masta ikiwa imetoka, mtu yeyote asiguse pedali, fimbo ya busta inaweza kusukumwa nje ya mahali pake. Angalia mgongo wa masta. Ukiwa mkavu, sawa. Ukiwa umelowa mafuta ya breki, lakiri ya nyuma ya masta imekufa na busta imekuwa ikinywa. Hilo linaeleza yale magari ambayo mafuta ya breki yanapungua bila tone chini, na wakati mwingine moshi mweupe bila maji kupungua kwenye rejeta: injini inayanyonya na kuyachoma. Hapo badilisha masta na busta pamoja. Mafuta ya breki yakishakaa kwenye busta yanaharibu sehemu zake za mpira, na busta mpya nyuma ya masta inayovuja haitadumu.

Uvujaji ukiwa upande wa injini

Kama kubana mpira hakukubadilisha kitu, tafuta kwenye gasketi ya menifoldi, oringi za nozeli, mpira wa hewa chafu unaotoka kwenye kofia ya valvu (hasa kona yake ya chini, ambayo mkono haufiki kirahisi), na mpira mwembamba wa mvuke wa tangi. Mashine ya moshi yenye presha ndogo ndiyo njia bora. Injini imezimwa na moshi unatoka penyewe kwenye tundu.

Usipokuwa nayo, tumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia. Usitarajie mapovu kama ya kutafuta pancha: hapa hewa inaingia, haitoki, kwa hiyo maji yananyonywa na unachosikiliza ni sauti kukatika au injini kubadilika kwa sekunde moja. Nyunyiza sehemu ndogo ndogo, mbali na koili na viunganishi vya umeme. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta, na inaonyesha haraka zaidi, lakini inawaka. Tone moja likigusa bomba la moshi lenye moto, una moto chini ya boneti. Dawa za kusafishia breki zenye klorini usizitumie kabisa kwa kazi hii, zikichomwa hutoa gesi ya sumu.

Dizeli

Injini ya dizeli kwa kawaida haina throtili inayozalisha ombwe la kutosha, hivyo inabeba pampu yake, nyuma ya oltaneta au mwishoni mwa kemshafti. Funga geji kwenye pampu moja kwa moja. Pampu nzima hufika inchi 24 au zaidi ndani ya sekunde chache, karibu na bahari. Ikipanda kwa uvivu, bapa za ndani zimelika au oili haifiki. Angalia bomba dogo la oili kabla ya kuhukumu pampu. Ikipanda vizuri lakini busta inapata kidogo, kumbuka kwamba pampu hiyo hiyo huendesha pia vidhibiti vya turbo na vya moshi unaorudishwa. Kibomba chembamba kilichochomoka huko nyuma ya injini kinaiba breki zako. Ziba matawi hayo moja baada ya jingine na utazame geji.

Baadhi ya magari ya petroli yenye turbo nayo yana pampu, ya mitambo au ya umeme. Ya umeme ikinyamaza, anza na fyuzi na rilei. Na kama gari ni la umeme au haibridi, hakikisha kwanza kama lina busta ya ombwe. Mengi hayana, na vipimo hivi havilihusu.

Unaporudisha

Mpira mpya uwe wa busta ya breki, wenye ukuta mgumu usiojikunja ukinyonywa. Mpira wa maji ya hita unafanana nao dukani, lakini hujibana ndani ukipata moto, na mvuke wa petroli huulainisha. Pima kipenyo cha ndani cha ule wa zamani kwa kalipa ya kupimia, kata urefu ule ule, usiunge vipande viwili. Upitishe mbali na bomba la moshi na usiache bonde ambamo oili au maji yanaweza kutuama.

Ukibadilisha busta, pima urefu wa fimbo inayosukuma masta na ulinganishe na ya zamani. Ikiwa ndefu kidogo tu, masta haitarudi hadi mwisho, na breki zitajishika zenyewe kadiri zinavyopata moto. Ikiwa fupi, pedali itakuwa na uchezaji mkubwa. Pini ya pedali irudishwe na klipu yake mpya, si waya.

Rudia vipimo vitatu vya mguu, futa kodi, tazama marekebisho ya mafuta yakirudi karibu na sifuri, kisha endesha polepole mahali pasipo na watu: mikanyago mitano ya haraka mfululizo, kila mmoja ukiwa mwepesi sawa na wa kwanza. Gusa rimu zote nne ukishuka. Ikiwa moja ni ya moto kuliko nyingine, kalipa ya gurudumu hilo imekwama. Zote zikiwa za moto, rudi kwenye ile fimbo.